Mikebe Miwili ya Muchiri

Muchiri aliuza vitabu vya mitumba katika soko la Kibuye, na alivinunua kwa kilo, kama watu wanavyonunua vitunguu. Siku moja akapata ndani ya gunia kitabu kinene kisicho na jalada. Kilieleza mchezo usio na mpira wala karata: watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia hadithi, na kila mmoja wa wengine anakuwa mtu ndani ya hadithi hiyo. Wakilishinda zimwi wanapata hazina, pete au fimbo au viatu vya kuruka juu ya paa, na bahati ndiyo inayoamua nani apate nini. Muchiri alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne mwenye wajukuu wawili, lakini kitu hicho kilimwingia.

Basi kila Jumatatu alasiri, soko likipoa baada ya msongamano wa Jumapili, walikusanyika watu wanne kwenye meza ya kukatia nguo ya Joram, fundi cherehani. Muchiri alisimulia. Joram alikuwa mchawi wa moto. Selpha, aliyeuza omena, wale dagaa wa Asembo Bay, alikuwa mpiga mishale. Na Walubengo, mchomeleaji wa milango na madirisha, alikuwa askari, maana alikataa kuwa kitu kingine chochote.

Kitabu kilitaka dadu za pande ishirini, na Kisumu nzima Muchiri hakuziona. Selpha ndiye aliyetoa njia.

"Kwani kwa chama tunafanyaje? Andika vikaratasi, kunja, tia kwa mkebe. Kila mtu aokote chake, na mtu asilie."

Wote waliijua kura ya chama, ile ya kuamua nani apokee mchango kwanza. Mkebe hutikiswa mbele ya watu, mkono unaingia macho yakiangalia juu, na kilichotoka kimetoka. Anayeichezea kura hiyo, hata mama yake mzazi hamtetei.

Muchiri akanakili hazina za kitabuni kwenye vikaratasi. Ukurasa uliotenga hazina za wanaoanza na za waliokomaa ulikuwa umechanika, kwa hiyo alizichanganya zote. Jumatatu ya tatu Walubengo akaingiza mkono, akatoa Upanga wa Radi: pigo moja, maadui wote walio mbele chini.

Siku hiyo walimpigia makofi. Lakini wiki zilizofuata, mazimwi ambayo Muchiri aliyatunga siku sita akipanga vitabu yalikwisha kabla chai haijapoa. Selpha hakupata kutupa hata mshale mmoja.

"Fundi," akamwambia Walubengo, "sasa sisi tunakuja hapa kufanya nini? Kukubebea maji?"

"Bebeni polepole, yasimwagike," Walubengo akajibu.

Joram alicheka pamoja nao, ila walipokuwa wakitoka akamnong'oneza Muchiri kwamba Jumatatu ijayo huenda asiwe na nafasi.

Hapo ndipo Muchiri alipokosea. Angesema wazi kwamba upanga ule umewazidi nguvu, wakubaliane. Aliona haya kumnyang'anya mtu bahati yake mchana kweupe. Akatafuta mkebe wa pili uliofanana na wa kwanza, akaujaza vitu vya ovyo: kamba, mshumaa, kofia ya mvua, sufuria isiyoungua. Zamu ya Walubengo ikifika, Muchiri aliinama chini ya meza kana kwamba anajikuna mguu, na mkebe uliopanda haukuwa ule ulioshuka. Selpha na Joram waliendelea kuokota vya maana, wakamfikia Walubengo kwa nguvu, na mchezo ukachangamka tena. Nimesawazisha tu, Muchiri alijiambia. Hata hivyo, kila alipoinama, shingo ilimwaka.

"Sufuria tena, Mzee," Walubengo alisema wiki ya nne ya mkebe wa pili. "Nitafungua hoteli."

Wiki ya saba alitoa kamba. Aliutazama mkono wake, mbele na nyuma.

Selpha akamuuliza kama amejiandikisha kwa kura ya vibanda vipya vya mafundi, barabara ya kwenda Kombewa. Majina yalikuwa yanafungwa Ijumaa saa sita. Miaka minne Walubengo alikuwa akichomelea kando ya barabara chini ya karatasi ya nailoni, na mvua ikija, kazi inalala.

"Kura? Kwa mkono gani, huu wa sufuria?" akasema. "Nimemwambia mke wangu Nabalayo tuache. Naye amekubali. Wiki saba mfululizo, mama. Huo si mchezo tena, huko ni kuonyeshwa."

"Mchezo ni mchezo tu, Fundi," Muchiri akasema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Jumanne alikwenda hadi karibu na mahali pa Walubengo, akageuka. Jumatano akasema kesho. Alhamisi hakula. Ijumaa saa tatu asubuhi alimkuta Walubengo amechuchumaa akipiga brashi lango la mtu, akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Kulikuwa na mikebe miwili," alisema, na akaeleza yote.

Walubengo aliendelea kupiga brashi kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Selpha anajua?"

"Hajui. Ni mimi peke yangu."

"Na ule upanga? Ulinipa wewe?"

"Huo uliokota mwenyewe. Mkono wako hauna neno."

"Ungeniambia, Mzee. Ungesema, Walubengo, upanga wako unatuharibia. Ningeutupa ziwani tucheke. Mimi nimelala macho wazi nikifikiri Mungu ameniwekea alama." Akaweka brashi chini. "Ondoka hapo mbele, nisichelewe bure."

Alijiandikisha saa tano na nusu. Kura ilipopigwa wiki iliyofuata, akaokota kibanda cha nyuma kabisa, ukuta mmoja na vyoo. Muchiri aliposikia hivyo hakujua afurahi au alie. Jumatatu aliwaeleza Selpha na Joram pia. Selpha alimwangalia tu, akafunga leso yake upya, akasema mkebe sasa atashika yeye. Kiti cha Walubengo kilibaki kitupu, wiki hiyo na nyingine mbili.

Siku ya Walubengo kuhamia kibandani, Muchiri alifunga meza yake ya vitabu akaenda bila kuitwa. Walubengo alikuwa anahangaika na mashine ya kuchomelea, peke yake, kwenye tope. Alimwona, akajifuta tope mikononi.

"Shika upande huo," akasema mwishowe. "Huo mzito."

Muchiri akainama, akashika.