Mkwe Ndani ya Lori la Macho

Kila lori la macho lilipoingia kijiji cha Kisima cha Saba, waliokuwa wa kwanza kulipokea ni mbwa, na Noreen alisema mbwa wana haki yao, maana hakuna mwingine aliyefaidika nalo. Lilikuwa la madaktari wa macho kutoka mjini, jeupe na refu, limechorwa jicho kubwa la buluu ubavuni. Jicho la buluu, kwa watu ambao tangu jangwa liwepo hawajazaa mtoto mwenye jicho la rangi hiyo. Noreen alilitazama kwa jicho lake zima, maana lile jingine lilikwisha kuingia nyuzi nyeusi zinazoelea, na mchanga mwekundu ukimchezacheza mbele kama maji.

Hilo la mchanga ndilo lililomuuma. Alikuwa hodari wa kusoma nyayo. Angekuonyesha kenge alipopita asubuhi, shimo aliloingia, na kama ana mayai. Nusu ya watoto wa pale walikuzwa kwa nyama ya kenge wa Noreen. Siku hizi alikuwa akichimba mashimo yasiyo na kitu, na mdogo wake Edna akijifanya haoni. Kisukari kilimpata zamani, sasa kimepanda machoni, na Gwen, nesi wa zahanati, alikwisha kumwambia wazi: asipoingia lorini akapigwa picha ya nyuma ya jicho mapema, atakuwa mtu wa kushikwa mkono mpaka chooni.

Basi kwa nini asiingie kwenye lori? Kwa sababu ya werevu wa wenye lori. Walikaa mjini kwenye chumba chenye kiyoyozi, wakakubaliana kwamba watu wa jangwani wanaogopa mashine, na dawa yake ni kuajiri mtu wa hapohapo anayejua lugha. Wakamchukua Clifton, wakamvika shati la kazi lenye jicho lililoshonwa kwa nyuzi kifuani, wakamkalisha nyuma ya kamera. Clifton ni mume wa Shanelle, na Shanelle ni binti wa Noreen.

Pale mtu na mama mkwe wake hawasemezani, hawatazamani, hawakai chini ya paa moja. Hata jina la Clifton Noreen hajawahi kulitamka, wala Clifton kumtaja Noreen. Clifton akiingia dukani kwa mlango wa mbele, Noreen hutokea wa nyuma. Si chuki hiyo, ni heshima, na hawana kubwa kuliko hiyo. Tena mama mkwe si mmoja: Edna ni mama mkwe, na dada zao wote wa ukoo ni mama mkwe. Kwa kumwajiri mtu mmoja, wenye lori waliwafungia mlango wanawake wazima karibu nusu. Na kamera yenyewe, kidevu unaweka huku, mpigaji yuko kule, pua kwa pua. Afadhali upofu.

Noreen alijaribu kusema mara moja. Daktari Pettifer, mkubwa wa lori, alimfuata mpaka kwenye moto wake, kofia mkononi.

"Mama Noreen, njoo basi ndani. Haiumi hata kidogo."

"Siwezi. Mkwe wangu yumo."

"Mkweo? Clifton?" Uso ukamng'aa. "Vizuri sana! Utakuwa na mtu wa nyumbani wa kukushika mkono."

Edna alijifunika uso kwa pindo la gauni, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Noreen alimpima daktari kuanzia nywele hadi viatu.

"Mshike mkono mama mkwe wako wewe," alimwambia kwa lugha ya kwao, na daktari, ambaye hakuambulia neno, akatabasamu na kushukuru. Kisha akamhubiria juu ya kula kabichi. Kabichi la duka la Kisima cha Saba hufika limechoka kuliko dereva aliyelileta. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, hawakumjua Pettifer.

Lakini dharau kubwa aliiweka kwa mkwewe. Daktari ni mgeni, asiyejua halaumiwi. Yule alijua.

"Ameuza mama zake wote kwa shati," alimwambia Shanelle.

"Mama, ana watoto wa kulisha."

"Awalishe. Baba yake alilisha wanane kwa bunduki moja, na hakuvaa jicho kifuani."

"Aliwaomba awe anatoka nje wakija wanawake. Wakamwuliza kwa nini."

"Akasema?"

"Angesema nini, mama? Akutaje wewe mbele yao?"

Noreen alimfokea mbwa.

Msimu wa baridi lori likarudi. Jioni ya siku lilipofika, Noreen alikuwa akitoka dukani na Edna, ametangulia mbele, njia yote vumbi na jua usoni. Aliona kitu kirefu kimesimama, akadhani nguzo, akakiendea.

"Dada, geuka!" Edna alipiga kelele. "Geuka, ni yeye!"

Akasikia miguu ikikurupuka, mtu akijitupa kwenye nyasi za miiba na kukimbia humo, miiba ikimchana. Noreen aligeuka, amechelewa, akakaa chini palepale njiani na kujifunika kichwa. Miaka yote ile hakumkosea mkwewe hata kwa kivuli, na leo nusura amgonge kifua. Alielewa upofu ni nini: kipofu hawezi kumkwepa mtu. Atakwepwa yeye, na watu wataacha njia kila akitoka, mpaka aache kutoka.

Asubuhi Clifton hakuonekana kazini. Alikuwa amechukua bunduki, ameenda porini.

"Watu hawa," alisema Pettifer, bila kujali nani anasikia. "Unawapa kazi, wanakimbilia kangaruu."

Ikabidi Gwen aje kushika kamera, na kumbe aliweza vizuri tu. Kabla birika la kwanza halijachemka, wanawake walikuwa wamejipanga mlangoni na blanketi zao, Noreen mbele. Pettifer alifurahi mno. Alimwambia dereva ni kwa sababu ya matufaha aliyoweka mezani.

"Jicho la kushoto linavuja damu kwa nyuma, siwezi kukuahidi kitu," Gwen alimwambia Noreen. "La kulia limeanza, lakini ukienda hospitali ya Alice Springs wakalichoma kwa leza, tutaliwahi. Ndege Alhamisi. Utapanda?"

"Nitapanda."

Alasiri alikuwa kwake, macho yamelegea kwa dawa ya matone, dunia nzima mwanga mtupu. Shanelle akaja, akamwekea magotini kitu cha moto kilichofungwa kwa nguo. Mkia wa kangaruu, umetoka majivuni. Noreen alipapasa nguo, vidole vikakutana na nyuzi zilizoshonwa kwa mduara: jicho la shati la kazi.

"Wamemfukuza?"

"Mchana. Daktari amesema hategemeki. Alijua itakuwa hivyo tangu alipochukua bunduki."

Mbali nyuma ya Noreen gari lililomleta Shanelle lilikuwa limesimama, injini inanguruma, haliondoki. Hakugeuka. Alimega nyama akatafuna polepole.

"Mwambie mumeo ameuunguza."

"Nitamwambia."

"Na mwambie," alisema, "kenge wa kwanza nitakayemwona kwa jicho langu ni wake."