Njiwa wa Baba Sanadi

Mume wangu Nadhmi ni fundi nguo, na kwa miaka mingi hapa mtaani kwetu Amman haikufungwa ndoa bila yeye kuitwa kuwa shahidi. Mtu wa neno moja. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, sindano ikamshinda, na hospitali wakampa vidonge. Mikono ikatulia. Nikamshukuru Mungu, nikalala usingizi.

Usingizi wenyewe haukudumu. Mzee akaanza kuamka kabla ya adhana, ananyata, amejipaka manukato. Dalili ya mvua ni mawingu. Nikajiambia, Wisal wee, huyu ana mwanamke. Nikamnusa mashati, nikamfuata ngazini bila viatu, na nikamkuta juu ya paa bapa la nyumba amezungukwa na njiwa, anapunga kitambaa.

"Njiwa, Baba Sanadi?"

"Wa kupitishia wakati tu, Mama Sanadi."

Afadhali ningemkuta na mwanamke. Kwetu mrusha njiwa hawekwi kuwa shahidi, maana kazi yake ni kuwarubuni njiwa wa wenzake watue kwake, kisha anaapa hajawaona. Haukupita muda, jirani yetu Baba Ghassub akaja kumuulizia jike lake jeupe. Nadhmi akaapa kwa jina la Mungu, mkono kifuani, mkono umetulia tuli. Na mimi nilikuwa nimeliona jike hilo asubuhi ile ile, ndani ya kizimba chetu.

Niliogopa, na sikuogopa kwa ajili ya njiwa. Kama anamwapia jirani hivi, mimi ananidanganya mangapi? Siku zile alikuwa ananiletea maua ya asumini, ananiita kipenzi, mwanamume ambaye tangu harusi maneno ya mahaba yalikuwa yamemshinda. Nilikuwa nimefurahi kama mjinga. Sasa kila ua nikaona lina jambo nyuma yake.

Binti wa Baba Ghassub alipoolewa, walimpita Nadhmi mlangoni wakaenda kumchukua muuza mboga awe shahidi. Wanaume wakamtania, "Fundi, wewe nenda kawashuhudie njiwa." Nikangoja aone haya. Wapi. Jioni alikuwa juu ya paa tena, anapiga mluzi.

Nikamburuta hadi hospitali.

"Daktari, mume wangu mmempa nini?" nikamuuliza yule binti aliyemwandikia dawa. "Maana huyu ninayeishi naye simjui."

Alimgeukia yeye. "Ami, hao njiwa unawapenda?"

"Siwapendi," akasema Nadhmi. "Kelele zao zinanichosha. Lakini nikimwona mmoja angani, lazima awe wangu. Nikishamkamata hata simtazami."

Daktari akatueleza kwamba kichwani kutaka kuna njia yake, na kufurahia kuna yake. Kidonge kinachotuliza mikono kinaichochea ile ya kutaka, na ikichochewa kupita kiasi, mtu hata uchungu wa aibu haumfunzi kitu. Akapunguza dawa. Nilimwamini nusu. Swali langu moja sikuthubutu kulitoa mbele ya mume wangu: na yale maua, nayo yalikuwa ya kidonge?

Njiwa tukawagawa. Jike jeupe alilirudisha mwenyewe kwa Baba Ghassub, macho chini. Mikono ikarudia kutetemeka, na maua yakakoma. Kutwa yuko kwenye kochi, ukimwuliza anataka nini, anasema hataki kitu. Nikaona basi, jibu langu nimelipata. Nililia jikoni, maji yakiwa yamefunguliwa asinisikie.

Juzi asubuhi nikasikia vyombo vinagongana. Anakuja na sinia, chai ya majani ya mramia, dawa yetu ya tumbo, nusu yake imemwagika.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu, Mama Sanadi. Hata kuinuka sikutaka. Nimekumbuka tu kwamba asubuhi tumbo linakusumbua."

Nikamwambia angoje. Nikaenda chumbani nikafungua kichupa cha vidonge, nikavihesabu, nione kama amejiongezea. Hakuwa amejiongezea. Hata kile cha asubuhi alikuwa hajakimeza.

Niliporudi chai ilikuwa imepoa, naye bado amesimama pale pale, sinia inatetemeka mikononi. Nikainywa yote.