Kahawa ya Fundi wa Mashine

Boti ya serikali ikishatoka bandarini, fundi wake huweka kikombe cha kahawa juu ya kifuniko cha mashine, akakiinamia kama anayesoma barua ya posa. Mashine zenyewe mbili, za dizeli, na zisipokwenda mwendo mmoja kahawa hutetemeka. Saa za kupimia mwendo, zilizoletwa mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, kazifunika kwa kitambaa. Tangu zije, wakubwa wanauliza fundi anafuata nini safarini.

"Saa zinasema sawa," Nahodha Machano humwambia, akiinua ncha ya kitambaa.

"Sawa wapi! Ya kulia imenuna." Hapo huusogeza wenzo wa mafuta kwa kidole kimoja, akinong'ona, "Mfuate mwenzio, bibi we." Mngurumo ukishakuwa mmoja na kahawa ikatulia, ndipo anapoinywa.

Juzi, mbele ya pwani ya Chukwani, mashine zilipatana zenyewe. Fundi akakizunguka kikombe, akakohoa, akafuta mikono isiyo na mafuta. Kwa pembe ya jicho nahodha akakiona kidole kile kile kikiusukuma wenzo wa kulia, kidogo tu. Kahawa ikatetemeka.

"Nshasema mimi!" fundi akashangilia. "Imenuna tena!"

"Basi ibembeleze," nahodha akajibu, macho mbele, "kahawa isije ikapoa."