Keki ya Mkaguzi

Saa mbili na dakika kumi, kila asubuhi, dereva mstaafu wa tramu humfunga mkewe Irmtraud vifungo kwa vidole vyake vinene, maana kumbukumbu zimemtoka bibi wa watu. Siku ya mkaguzi wa posho ya matunzo, ile wanayolipwa wasiojiweza, alimsuka na nywele, akapiga deki, akaoka keki ya tufaha. Mgeni atapokewaje kwenye nyumba chafu?

"Anavaa mwenyewe?" mkaguzi aliuliza.

"Si unamwona alivyopendeza?" dereva alijibu, akipangusa makombo yasiyokuwepo.

Irmtraud akatabasamu, akamkatia mgeni kipande cha pili. Mkaguzi akaandika kwamba bibi anajiweza, akaaga.

Dereva akakunja mikono ya shati, akaosha vikombe. Irmtraud akamtazama kwa huruma.

"Kaka, inatosha sasa. Nyumbani kwako hawakungoji?"

"Wananingoja," akasema, akakiosha tena kikombe kile kile.