Persis Aliyeuliza Ubao

Persis amelea watoto wa chekechea ya kanisa pale Nyakoe miaka mingi bila cheti. Mwaka juzi wazee wa kanisa walimwambia afaulu Kiingereza cha kidato cha nne aende chuo, la sivyo nafasi apewe mwingine. Akajiunga na darasa letu la watu wazima, linalokutana jioni baada ya wengi wetu kuchuma chai.

Siku ya kwanza mwalimu wa Kiingereza aliingia, akamwona, akatoka mbio. Alikuwa Josiah, mume wa Kwamboka, binti yake Persis. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawatazamani usoni, sembuse kuulizana maswali. Lakini mwalimu mwingine hatukuwa naye, ikabidi arudi. Persis akahamia kona ya nyuma, na maswali yake yakawa yanapitia kwa Bochaberi, aliyeketi karibu naye.

"Bochaberi, mwambie mwalimu sijaelewa."

"Mwalimu, hajaelewa. Mimi pia sijaelewa, ila langu hakuna aliyenituma kulisema."

Wiki moja kabla ya mtihani, Bochaberi alienda harusini Keroka. Jioni hiyo Josiah alifundisha maneno yanayoishia kwa ING. Persis alitafuna kalamu mpaka ikakaribia kupasuka. Mwisho akasimama, macho kwenye ubao.

"Ubao," akasema, "hiyo picking ya 'Picking tea is my work' na ile ya 'The women picking tea are singing', mbona unaziita kwa majina mawili tofauti?"

Josiah naye akaugeukia ubao.

"Ubao, mwambie Mama aweke 'it' mahali pa 'picking tea'. 'It is my work.' Sentensi imesimama. Basi hilo ni jina la kazi, jerandi. Na 'The women it are singing'?"

"Imeanguka!" darasa zima likajibu.

"Kwa sababu hapo linatuonyesha ni wanawake gani. Hilo ni neno la kueleza, patisipo."

"Ubao, na 'I like teaching'?" Persis akajijibu mwenyewe: "I like it. Imesimama! Jerandi!"

Tulipiga makofi hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Matokeo yalipotoka, Josiah na Kwamboka walikuja mbio hadi langoni kwa Persis. Josiah hakuingia. Aliutazama mgomba uliokuwa hapo.

"Mgomba, mwambie Mama amefaulu Kiingereza! Chuo kinamngoja!"

Jikoni sufuria ilianguka. Kisha sauti ikatoka, ikitetemeka kwa kicheko:

"Mgomba, mwambie mwalimu asante. Tena umwambie, teaching is my work."

Kwamboka akapiga vigelegele. Josiah, macho bado kwenye mgomba, akatabasamu.

"Imesimama," akasema.