Filamu Waliyoisikia Ukutani

Mama yangu na mdogo wake hawajawahi kukubaliana kuhusu mwisho wa filamu moja ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona. Nimekulia ndani ya ubishi huo. Mama mdogo akija Nakuru kutoka Njoro, alikoolewa, huvua buibui, huketi, huulizwa habari za ng'ombe wake, na kabla chai haijachemka mmoja wao huanza kuimba chini kwa chini. Wa pili hudakia. Wakimaliza wimbo, vita huanza.

Nyumba ya babu yangu ilipakana na jumba la sinema, jengo ambalo siku hizi linauza magodoro. Bomba la maji lilikuwa uani, chini ya ukuta wa sinema. Babu alikuwa mtu wa dini na hakutaka kusikia kwamba binti yake amepita hata karibu na yale mabango ya mbele. Lakini nguo zilikuwa lazima zifuliwe, na Jumamosi mchana, saa za kufua, ndipo filamu za Kihindi zilipoonyeshwa. Basi wasichana wawili wakawa wanafua huku wanasikiliza filamu kupitia ukutani: farasi, mtu anapigwa, mlango unabamizwa, mwanamke analia, halafu ule wimbo. Filamu hiyo ilipendwa sana mjini, ikarudishwa tena na tena, mpaka wakaukariri wimbo wote katika lugha wasiyoijua.

Hadithi yenyewe waliijaza wenyewe, kila mtu yake. Kwa Mama, kijana anakufa na mchumba wake anamwimbia kaburini. Kwa mama mdogo, wanaoana, na huo ni wimbo wa harusi.

"Harusi gani hiyo watu wanalia?" Mama huuliza.

"Si wewe mwenyewe ulilia kwa yako mpaka wanja ukakushuka shingoni."

"Mimi nililia kwa sababu nilikuwa naondoka kwetu."

"Na yeye pia alikuwa anaondoka kwao, dada. Ndiyo hiyo nakwambia."

Hapo mtu akiingilia kati hugeukiwa na wote wawili. Idd iliyopita walibishana mpaka pilau ikapoa mezani na wageni wa mume wangu wakaanza kuangaliana. Nikajisemea, yatosha. Nitaitafuta hiyo filamu, waitazame, niishi kwa amani.

Nilianza na simu. Wanasema siku hizi unaiimbia simu tu nayo inakutajia wimbo. Nilimshikia Mama simu mdomoni akaimba. Ikaleta wimbo wa kubembeleza watoto. Akaimba tena, kwa sauti ya juu zaidi kana kwamba simu ina uziwi. Ikaleta wimbo wa kanisani.

"Hii simu yako haijui kitu," alisema, akanirudishia kama sahani chafu.

Kwa hiyo nikafanya kwa mkono. Kila nilipoingia jikoni nilifungulia nyimbo za filamu za zamani za Kihindi, moja baada ya nyingine. Mume wangu aliniuliza kama hawa waimbaji tumewapangisha chumba. Nilizidi kukasirika, na kila wimbo usiokuwa wenyewe niliuchukulia kama tusi. Halafu siku moja nikiwa namenya viazi vya Kuresoi, vile vyenye udongo mwingi, ukaja. Niliweka kisu chini. Wimbo huu nimebembelezwa nao, nimesukwa nywele nao, nimeuguzwa nao surua. Lakini sikuwahi kuusikia ukiwa na ngoma na fidla. Kwetu ulikuwa sauti ya Mama peke yake. Nilisimama pale nikilia juu ya viazi, na hata hilo liliniudhi.

Mama mdogo alikuja Jumamosi na maziwa yake ya mgando. Nikawaketisha mbele ya runinga, nikafunga mapazia, nikawaomba jambo moja tu: wanyamaze. Hawakunyamaza.

"Huyu ndiye kijana wetu?" mama mdogo aliuliza. "Mbona ana kitambi?"

"Si yeye. Wetu alikuwa na sauti nyembamba," Mama akasema.

Walinyamaza wimbo ulipoanza. Mama mdogo aliushika mkono wa Mama bila kumtazama. Wakaimba pamoja na yule mwanamke wa kwenye runinga, vizuri kabisa, kisha katikati ya ubeti wakakatika wote wawili kwa pamoja, na kwa pamoja wakaingia mbele zaidi. Mwanamke wa runinga akabaki nyuma, bado anaimba yale waliyoyaruka. Nilichukua muda kuelewa. Mkanda wa ile sinema ulikuwa umechakaa, ukifika hapo unaruka, nao waliujifunza wimbo hivyo hivyo na mruko wake. Walimtazama yule mwanamke kwa hasira kama mtu aliyekosea mbele za watu.

Filamu ikaendelea mpaka mwisho. Kijana hafi. Haoi pia. Wimbo ni wa mama anayemtafuta mwanawe, kijana huyo, aliyepotea akiwa mdogo, na yule msichana waliyemliza kaburini na kumwoza miaka yote hii ni dada yake wa tumbo moja.

Nilifungua mapazia. Nilikuwa nangoja, sijui nini. Kucheka labda. Asante.

"Wameibadilisha hii," Mama alisema.

"Nilijua tangu mwanzo," mama mdogo akamuunga mkono. "Hata wale farasi si wenyewe."

"Mama, filamu haibadilishwi," nikasema. "Ni hii. Wimbo si mmeusikia ni ule ule?"

"Wimbo wameuchukua wakauweka kwa filamu nyingine."

"Nani achukue?"

"Wewe ulikuwa wapi wakati huo?" mama mdogo aliniuliza kwa upole. "Ulikuwa umezaliwa?"

Nilikusanya vikombe nikaenda kuviosha kwa kishindo. Kule sebuleni niliwasikia wanamcheka kijana mwenye kitambi, mpaka Mama akakohoa. Nilijaribu kubaki na hasira yangu.

Sasa Mama ni kaburi na mdogo wake ni harusi, kama zamani, na ubishi umepata nguvu mpya. Juzi wakwe zangu walikuwa hapa, na shemeji yangu akauliza kwa nia njema kabisa hiyo filamu inaishaje. Nikafungua mdomo.

"Usimuulize huyu," Mama akamwambia. "Huyu aliona ile ya uongo."