Wa Kabla na Wa Baada Nyumbani Kwetu

Miezi michache kabla ya uchaguzi uliopita, chama cha baba yangu kilipasuka vipande viwili ndani ya sebule yetu kule Mbale, na cha kuchekesha ni kwamba hakuna aliyepinga jambo lenyewe. Wote walitaka ushuru wa soko upunguzwe. Waligombania siku tu. Wengine walitaka baraza lipige kura ya kuupunguza kabla ya uchaguzi, wengine baada yake. Mama ana kibanda cha viungo sokoni na hana subira na wanasiasa. Aliwapa majina, Wa Kabla na Wa Baada, na majina yakashika mpaka wenyewe wakaanza kuitana hivyo.

Baba ni diwani, na ndiye aliyeongoza Wa Baada. Watu humwita Afande ingawa hajawahi kushika bunduki. Askari alikuwa babu yake, na Baba alichorithi ni kusimama wima na kutobadili neno. Aliyeongoza Wa Kabla alikuwa rafiki yake wa tangu ujana, Mgisu, mtu wa kabila la mlimani kule, anayeuza vitunguu kwa jumla, naye pia diwani wakati huo. Mimi namwita Baba Mdogo. Ni Mkristo, lakini saa ya chakula cha Ijumaa kwetu aliijua kuliko waliokuwa wanatoka msikitini.

Mimi naishi Mafubira, nje kidogo ya Jinja, nashona sare za shule. Ijumaa nikipata nafasi hupanda basi kwenda kumsaidia Mama jikoni, kwa sababu madiwani wa chama wamekuwa wakikutana kwetu miaka mingi. Wasidanganye watu kwamba walifuata busara za Baba. Walifuata pilau ya Mama. Sisi Wanubi, vizazi vya askari wa zamani, tunakula kwenye sinia moja, mikono yote pamoja, na madiwani nao walizoea hivyo, Wagisu kwa Wanubi, wakibishana huku wanatafuna.

Ugomvi ulipokolea wakaanza kuja kwa zamu. Wa Kabla walikuja saa saba, wakala, wakaondoka. Wa Baada wakaja saa tisa. Mama akawa anapika mara mbili, anaosha sinia mara mbili, na anasikiliza upuuzi uleule mara mbili. Alivumilia wiki mbili. Ijumaa ya tatu alituma ujumbe kwa wote kwamba chakula ni saa nane, na walipofika akatua sinia moja katikati ya mkeka.

"Mwenye njaa akae," alisema. "Mwenye chama akae nje."

Wakakaa, kumi na wawili wamebanana. Baba na Baba Mdogo wakajikuta wanatazamana.

"Afande," Baba Mdogo alianza kabla hata ya tonge la pili, "watu yangu nataka hii kitu sasa. Ule kijana nashindana na mimi nasema chama yetu iko na maneno tu. Kama wewe nasema baada, mimi nakwisha."

"Nimesikia."

"Umesikia ama umeelewa?"

Baba alitafuna kwanza. "Bajeti ya mwaka huu tumeshaipitisha. Tukipunguza leo, gari la takataka litasimama, na uchaguzi ukiisha baraza litaurudisha ushuru uleule. Itakuwa zawadi ya kuombea kura. Mimi siwezi, bwana. Tupunguze wakati hatuna tunachoomba."

"Na mimi nikianguka?"

Baba alivunja kipande kinono cha nyama, akakisukuma upande wa Baba Mdogo, kama mwenyeji anavyomfanyia mgeni anayempenda. Baba Mdogo akakirudisha. Baba akakisukuma tena. Nyama ikaenda na kurudi juu ya wali, madiwani wakiifuata kwa macho, na mimi niliyesimama mlangoni na birika la kunawia nilikuwa karibu kucheka. Kisha nikamwona Baba usoni.

"Utaanguka," alisema polepole, "na mimi nitaumia."

Baba Mdogo aliinuka, akaja mlangoni, akanyoosha mikono nimmiminie maji. Alishukuru kwa chakula ambacho hakukimaliza, akaenda zake. Mama aliichukua ile nyama akaila amesimama, akisema hawezi kutupa nyama kwa sababu ya baraza. Kabla ya alasiri waliobaki walinyoosha mikono, na Wa Baada wakashinda kwa mkono mmoja. Mkono huo ulikuwa wa baba yangu.

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia ana kichwa kigumu, kwamba hata mkewe anautoa ushuru ule kila siku, na kwamba rafiki kama yule hatampata tena duniani. Hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Mama yako naye ameacha kunitilia sukari kwenye chai," akatazama kikombe chake kwa huzuni ya kweli.

Baba Mdogo akaanguka. Baba akarudi barazani, na Ijumaa ikawa na nafasi kwenye mkeka.

Lakini kila Jumanne Baba Mdogo huleta vitunguu Jinja, na akishamaliza kushusha mzigo hupita kwangu Mafubira kunywa chai. Alikuwa anaongea habari za barabara, za mvua, za bei, kisha akishaaga na kufika getini anageuka: "Afande nakula vizuri?" Jioni Baba alikuwa ananipigia simu. Naye anaanzia mbali, wajukuu hawajambo, cherehani inaendaje, ndipo anauliza, "Mtu wa vitunguu alipita?" Wazee wawili, nusu karne ya urafiki, wananifanya posta. Nilianza kusema uongo mdogo. Nilimwambia kila mmoja kwamba mwenzake anamsalimu sana. Nilijua hawaniamini, na nilijua walikuwa wanausubiri uongo huo, na niliwapenda wote wawili kiasi cha kutaka kuwapiga makofi.

Jumanne moja Baba Mdogo yuko kwangu, chai iko mkononi, simu ikalia. Ilikuwa mchana, saa ambayo Baba hanipigii kamwe. Baraza jipya lilikuwa limekutana asubuhi.

"Ushuru umepungua," alisema. "Mikono yote."

Sikuomba ruhusa ya mtu. Niliweka simu kwenye spika, nikaishika mbele ya Baba Mdogo. Aliitazama kama kitu kinachoweza kumng'ata.

"Nasikia," alisema mwishowe.

Sauti ya Baba ikaja, imepungua nguvu. "Nimewaambia hoja ni yako. Wameiandika hivyo kwenye kumbukumbu za kikao."

"Mimi si diwani."

"Hilo nalo nimewaambia."

Baba Mdogo aliweka kikombe chini.

"Afande," alisema, "mimi bado nakasirika."

"Najua," Baba akajibu. "Njoo ukasirike hapa."

Baba Mdogo alinirudishia simu bila kuaga, akaanza kutafuta viatu vyake.